"Karibu" Bado Linafanyiwa Kazi

Benchi lenyewe halikuzaliwa barabarani. Kwa miaka thelathini na moja lilikaa ukingoni mwa uwanja wa ndani wa Chuo cha Tolliver, hapa Iowa, likiwabeba wachezaji wa akiba wa Kware, timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Siku chuo kilipoamua kwamba wa akiba nao wanastahili viti vya plastiki vyenye mgongo, wazee wanne wa mji walichangishana, wakalinunua, wakalibeba kwa trela ya mahindi mpaka ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mikate la Ottie. Hapo ndipo lilipo hadi leo, na hapo ndipo kahawa huongezwa bure mpaka saa nne kamili asubuhi, Ottie anapogeuza kibao mlangoni. Anayelikalia anabaki mchezaji wa akiba hata akifika miaka themanini: haingii uwanjani, ila makosa yote anayaona yeye.

Ijumaa hiyo ya Oktoba, vumbi la mavuno likiwa limeugeuza mji mzima rangi ya karatasi kuukuu, aliyefika wa kwanza alikuwa Ardith Vander Leest, ambaye kijiweni anaitwa Ukuta. Alikuwa hajalala vizuri. Binti yake Jolene ndiye kocha wa Kware, na kwa misimu mitatu mfululizo Kware walikuwa wamefungwa zaidi kuliko walivyofunga. Mkuu wa chuo alikuwa ameshatamka lile neno ambalo wakubwa hulitamka wakikaribia kumfukuza mtu: "Tutatathmini." Nafasi ya ufadhili wa masomo iliyobaki ilikuwa moja. Msichana aliyekusudiwa kupewa alikuwa mmoja, Maren Twohig, futi sita na inchi tatu, kutoka ranchi za magharibi ya Nebraska, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa anakuja na baba yake kukiangalia chuo. Akikubali, Jolene ana timu. Akikataa, Jolene atafute masanduku ya kuhamia.

— Mama, Jolene alikuwa amemwambia alfajiri, akipiga mswaki huku anavaa viatu, lazima atakuja kwa Ottie, maana kahawa ya chuoni hainyweki. Wale wazee wako wasimwambie kitu. Salamu, basi.

— Kwa nini wazee wangu?

— Kwa sababu na wewe umo.

Waliofuata walifika kwa zamu yao ya siku zote. Kwanza Merle Stribling, mwamuzi mstaafu, mwenye filimbi shingoni mpaka kanisani, ndiyo maana anaitwa Filimbi. Kisha Duane Kopecky, aliyeuza mbegu kwa miaka arobaini, jina lake Mahindi. Mwisho Gaylen Ruddock, Kalenda, aliyefanya kazi posta miaka thelathini na minane na ambaye hadi leo akiiona bahasha huinyoosha kwanza. Asubuhi hiyo alikuwa na bahasha.

— Barua kutoka kwa Teasdale, Kalenda alisema, akikaa kwa uangalifu kama aliyebeba mayai.

Bwana Winfred Teasdale ni Afisa wa Uzingatiaji wa Kanuni chuoni. Dirisha lake liko ghorofa ya pili, ng'ambo, na linaangalia benchi moja kwa moja. Kuna wanaosema aliiomba ofisi hiyo kwa sababu hiyo.

— Soma, tumalize, Ardith alisema.

Kalenda alisafisha koo.

— "Kwa kuwa mauzo ya benchi yaliingia katika mfuko wa timu, wanunuzi wake wanahesabika kuwa wafadhili wa timu, na hadhi hiyo haina kikomo."

— Haina kikomo maana yake nini? Mahindi aliuliza.

— Hata ukifa, wewe ni mfadhili.

— Lakini tulinunua benchi. Sisi si tulichukua kitu? Nikinunua trekta, mimi ni mfadhili wa kiwanda?

— Duane, acha nisome. "Mfadhili haruhusiwi kuzungumza na msichana anayesakwa na timu kwa nia ya kumshawishi. Kwa uwazi zaidi: (a) salamu ya kawaida inaruhusiwa. (b) Maoni kuhusu hali ya hewa yanaruhusiwa, mradi yawe ya kweli. (c) Kuhusu neno 'karibu', ambalo linaweza kutafsiriwa kuwa ushawishi, ofisi imeandikia ngazi za juu kuomba ufafanuzi. Kwa sasa linafanyiwa kazi."

Filimbi alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Neno moja, alisema. Linafanyiwa kazi na watu wangapi?

— Haikutaja. Barua ni ya tarehe tatu, leo kumi na nane. Siku kumi na tano.

— Siku kumi na tano mimi navuna ekari mia mbili, alisema Mahindi.

— Wewe hujavuna tangu uuze mashine, Ardith alisema. Sasa sikilizeni nyote. Akipita hapa, salamu. Hali ya hewa. Basi. Mimi nina mtoto pale ndani.

— Sisi tunajua kunyamaza, Filimbi alisema, akaendelea kusema kwa nusu saa nzima.

Mada ilikuwa mpango. Jolene alikuwa ameubandika kwenye friji ya mama yake, karatasi yenye vyumba kama sega la nyuki: jina, urefu, mkono anaotumia, mwaka wa kumaliza, na ufadhili utafunguka lini. Wawili wanamaliza Mei. Mmoja, mrefu pekee waliyekuwa naye, amehamia chuo kingine, maana siku hizi msichana akiudhika Jumatatu, Alhamisi yuko kwingine na fulana mpya. Ardith alikuwa ameutazama mpango huo kwa fahari kama anavyotazama keki iliyoumuka. Kosa lake lilikuwa kuusimulia kijiweni.

— Tatizo la binti yako anatazama bua, Mahindi alisema. Mbegu haiangaliwi bua. Unaangalia lilikotoka. Ningekuwa mimi, nisingempima msichana hata kidogo, ningempima mama. Mama akifika futi sita, tia sahihi, tumemaliza.

— Na mama akikataa kupimwa?

— Basi ana cha kuficha.

— Urefu si hoja, Filimbi alisema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na msichana wa futi sita na inchi tatu hainami. Hoja ni mkono wa kushoto. Nimepuliza mechi miaka ishirini na sita, nawaambia siri: mwamuzi haoni faulo ya mkono wa kushoto. Jicho linakuwa limeshazoea huku. Sajilini wa kushoto watupu, watano, hatufungwi mpaka mwamuzi astaafu.

— Kwa hiyo miaka ishirini na sita ulikuwa huoni? Ardith aliuliza.

— Nusu tu.

— Ndiyo maana ile fainali ya Red Oak.

— Ile usiilete hapa.

Kalenda aliinua kidole. Yeye huwa haingii kwenye hoja mpaka ameipata tarehe yake.

— Mnazungukazunguka tu. Ufadhili ni mmoja, sivyo? Sajilini mapacha.

— Mapacha wawili, ufadhili mmoja? Mahindi aliuliza.

— Wanaofanana. Jina moja kwenye karatasi. Mmoja anasoma, mwingine anacheza. Mapumziko wanabadilishana. Nani atajua? Umoja ni nguvu.

— Teasdale atajua, Filimbi alisema.

— Teasdale bado yuko kwenye neno "karibu". Akifika kwa mapacha watakuwa wameshaolewa.

Mahindi alilipenda wazo lile mpaka akasahau andazi lake la mdalasini. Alisema ukiweza mapacha unaweza na watatu, na akaanza kukumbuka ukoo mmoja wa Wacheki upande wa mto Cedar ambao kila kizazi huzaa watatu, ila shida yao wote ni wafupi. Lakini wafupi watatu wakipandana mabegani, kanuni inasemaje? Filimbi alisema kanuni haisemi. Kalenda alisema kisichokatazwa kimeruhusiwa. Wakaanza kupanga nani akae chini.

Ardith alifumba macho. Watu wazima. Watu waliolea watoto, waliolipa kodi.

— Na huyu Maren mwenyewe, Mahindi aliuliza, ni wa kufunga au wa kukaba?

— Duane. Mchezo huo ulizikwa mwaka tisini na tatu.

— Mimi sikualikwa mazishini.

Hapa Iowa hilo si swali la kichaa kabisa, na Ardith alilijua kuliko wote. Zamani wasichana walicheza sita kwa sita: watatu wa kufunga upande huu, watatu wa kukaba upande ule, na mstari katikati ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka, kwa kuwa wakubwa wa wakati ule walikuwa wamekubaliana, kwa maandishi, kwamba moyo wa msichana hauwezi kukimbia uwanja mzima. Ardith alikuwa wa kukaba. Miaka minne ya sekondari, kuanzia hamsini na tisa, hakuutupa mpira kikapuni katika mechi hata mara moja. Akiupokonya, anaupeleka mpaka mstarini, anampa mwenzake, anasimama, anatazama. Waliofunga walipigwa picha. Yeye alipewa jina Ukuta, na ukuta hauvuki barabara.

Vyuo wakati ule havikuwa na nafasi kwa wasichana wa kikapu, wala wa kitu kingine sana. Alimaliza shule akaolewa.

— Anakuja, Filimbi alisema kwa sauti ya chini.

Alikuwa anatoka kwenye jengo la michezo peke yake. Alitazama kushoto na kulia, barabara ambayo kwa saa nzima hupitiwa na magari mawili, akavuka. Ni kweli alikuwa mrefu. Aliingia kwa Ottie akiinamisha kichwa mlangoni bila kuuangalia mlango, kama mtu aliyejigonga vya kutosha maishani.

— Amekwisha kuinama, Kalenda alimnong'oneza Filimbi. Methali yako imekufa.

— Kimya, Ardith alisema. Kila mtu ashike kikombe chake kwa mikono miwili.

Msichana alitoka na kahawa, akasimama mbele yao.

— Habari za asubuhi, wazee.

— Nzuri, walijibu wote wanne kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Hakuondoka. Filimbi alihisi ni wajibu wake kujaza kimya kile kihalali.

— Hali ya hewa ni nzuri, alisema. Akakumbuka kipengele (b), akatazama juu. Ni ya mawingu. Kwa kweli kabisa ni ya mawingu.

— Kiasi, Kalenda aliongeza, kwa usalama.

Msichana alitabasamu kidogo, akabadilisha kikombe mkono.

— Samahani, niwaulize. Hapo chuoni wanafundisha mambo ya mifugo? Ng'ombe hasa.

Ardith aliona swali likipita juu ya benchi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hakuna aliyenyoosha mkono kulidaka.

— Mifugo, Mahindi alisema polepole, kama mtu anayetaja jina la jamaa aliyepotea.

— Kuna jengo, Filimbi alisema. La matofali mekundu. Nyuma ya lile la bendera.

— La mifugo?

— Watu huingia humo asubuhi.

— Mwaka themanini na saba, Kalenda alisema, na Ardith alijua anakoelekea lakini hakuwahi kumzuia, Kware walishinda mechi ishirini na tatu. Ishirini na nne ukihesabu ile ya theluji.

— Hongereni, msichana alisema. Na masomo?

— Upo wimbo wa chuo, Mahindi alisema. Ubeti wa pili unataja nuru.

Msichana alimngoja amalize, kisha akaona amemaliza.

— Siyo kwamba nawachunguza, alisema. Nimeshatembelea vyuo vitano. Kila mahali nakuta fulana yenye jina langu. Hata hapa ipo. Kocha nimempenda, sikatai, hajanidanganya kitu. Ila makocha siwaulizi hili, kwa sababu makocha wote hujibu ndiyo. Huwa nauliza watu wa nje.

— Na kwa nini ng'ombe? Ardith aliuliza, na papo hapo akasikia Filimbi akivuta pumzi: hiyo haikuwa salamu, wala haikuwa hali ya hewa.

— Baba ana ng'ombe mia tatu. Daktari wa mifugo aliye jirani yetu yuko maili tisini. Machi iliyopita walizaa kwenye theluji, tukampigia, tukamngoja. Tulipoteza ndama kumi na mmoja. Aliinua mabega yake marefu. Nataka kurudi nyumbani mimi ndiye niwe huyo anayepigiwa. Kikapu ni cha kunifikisha tu.

Ardith aliwatazama wenzake. Filimbi alikuwa anasoma kikombe chake. Mahindi, mtu wa mashamba tangu tumboni, alikuwa anaangalia viatu. Kalenda alikuwa ameifungua barua, anatafuta kipengele cha ng'ombe. Miaka sitini ya kukifuata chuo kimoja, walijua nani alikosa mtupo wa bure dakika ya mwisho mwaka wa ukame, walijua goti la nani lilitibiwa wapi, walikuwa na mpango wa mapacha na mpango wa kupandana mabegani. Ardith alitaka kuwapiga kwa mkoba, mmoja mmoja, kwa umri.

Kisha akaikumbuka ile karatasi kwenye friji. Jina, urefu, mkono, mwaka. Chumba cha "anataka kusoma nini" hakikuwepo, na yeye aliyekuwa akiipitia kila akifungua maziwa hakuliona pengo hilo. Na swali lenyewe, yeye angelijibuje? Alizaliwa nyumba ya nne kutoka hapo. Katika chuo kile mlango pekee aliowahi kuupita ni wa uwanja wa ndani, na vyoo vyake.

— Basi, si kitu, msichana alisema. Asanteni. Nitamwambia baba tuondoke mapema, safari ni ndefu.

Aliuelekea ukingo wa barabara. Ardith aliweka kikombe chini. Magoti yalilalamika, akayapuuza.

— Ofisi ya masomo iko pale ng'ambo, alisema. Chini, upande wa kulia. Naenda kuuliza.

— Ukuta, kaa, Filimbi alisema. Huko ni kushawishi.

— Simshawishi mtu. Naenda kwa shida zangu. Pengine na mimi nataka kusomea ng'ombe.

— Una miaka sabini na tisa.

— Ndiyo maana nina haraka.

— Na wakikuambia hakuna? Mahindi aliuliza. Umeshafikiria? Wakisema hakuna, ndiyo basi, Jolene amekwisha.

Ardith alikuwa amefikiria. Alikuwa amefikiria tangu neno "ndama".

— Wakisema hakuna, hakuna, alisema. Atajua leo, asije akajua akiwa mwaka wa pili.

Mlangoni, Ottie aligeuza kibao. Saa nne. Birika lilisikika likimiminwa kwenye sinki.

Msichana alikuwa amesikia yote, maana wazee hao hawajui kunong'ona tangu masikio yao yaanze kupungua. Alimpa mkono, na Ardith akaushika, si kwa ushawishi, kwa ajili ya ukingo wa barabara tu. Wakashuka. Katikati ya barabara ya Tolliver kuna mstari wa manjano, mji uliupaka upya Agosti. Filimbi aliuona mguu wa Ardith ukiufikia mstari ule, na mkono wake, wenyewe, bila kumuuliza, ukaipeleka filimbi mdomoni. Alijaza kifua. Miaka ile yote aliyompulizia mechi, hakuwahi kumkamata mama huyu akivuka.

Ardith alivuka. Filimbi aliishusha filimbi, pumzi ikatoka bila sauti.

Juu, ghorofa ya pili, pazia la Bwana Teasdale lilisogea upana wa kalamu.

— Ni mbali? msichana aliuliza.

— Hapana, Ardith alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi na mpaka dirishani. Ni karibu.

Kwenye benchi Mahindi alikigeuza kikombe chake, akakuta tone moja, akalinywa.

— Amelitamka, alisema.

— Amesema ni karibu, Filimbi alisema. Ule ni umbali.

Kalenda aliikunjua barua upya, akaisoma toka juu mpaka kwenye sahihi, akaigeuza nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

— Umbali haumo humu, alisema. Nani ana kalamu? Itabidi tuombe ufafanuzi.